Sanduku Lililotoweka Pichani

Siku ya gulio pale Bumbuli, muuza maharage hupanga mawe yake ya mizani mbele ya gunia: la kilo moja, la nusu kilo, na la robo. Ni vitu vya kila siku. Hakuna apitaye akasimama kuyatazama, na mtoto akiyachezea hukaripiwa, basi. Hata hivyo, mojawapo ya picha zilizoushangaza ulimwengu mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa picha ya mawe ya mizani.

Mawe hayo hayakuwa makubwa kama ya sokoni. Yalikuwa madogo, ya maabara, yamepangwa ndani ya kisanduku cha mbao. Kisanduku kilikuwa kimefungwa, na kifuniko chake hakikuinuliwa wakati picha ikipigwa. Lakini katika picha mawe yalionekana bayana, moja baada ya jingine, kana kwamba yanaelea hewani, na mbao zilizoyafunika zilikuwa kama zimetoweka. Aliyeipiga picha hiyo ni Profesa Wilhelm Conrad Röntgen wa mji wa Würzburg, Ujerumani, katika majuma ya mwisho ya mwaka 1895.

Makala haya yanaeleza habari ya picha hiyo na sababu ya kuikumbuka sisi tunaoishi na kufanya kazi katika milima ya Usambara. Picha iliyoondoa sanduku ili kuonyesha mawe ndiyo mzazi wa picha ya eksirei ambayo leo mtoto aliyemeza sarafu hupigwa kifuani. Nayo imerithi tabia ya mzazi wake: huonyesha kitu kimoja na kuficha kingine. Asiyeijua tabia hiyo, awe mzazi au mhudumu wa afya, aweza kumpoteza mtoto huku picha ameishika mkononi.

Zama za viinimacho

Miaka ile huitwa zama za Victoria, kwa jina la malkia aliyetawala Uingereza tangu 1837 hadi 1901. Upigaji picha ulikuwa sanaa changa, na watu walikwisha kugundua kwamba picha yaweza kufanywa iseme uongo. Katika miaka ya 1860, huko Boston, Marekani, mpiga picha aitwaye William Mumler alikuwa akiwauzia wafiwa picha zilizowaonyesha wakiwa wamekaa, na nyuma yao umesimama mzimu mweupe wa marehemu wao. Mwaka 1869 alifikishwa mahakamani New York kwa tuhuma za udanganyifu, akaachiliwa. London nayo, kuanzia 1872, ilimpata Frederick Hudson aliyefanya biashara ya namna hiyo hiyo.

Kiinimacho chenyewe hakikuwa kigumu. Picha zilipigwa juu ya sahani za kioo zilizopakwa dawa. Sahani moja ikitumiwa mara mbili, mtu wa kwanza hubaki kama kivuli chepesi nyuma ya mtu wa pili. Mfiwa mwenye uchungu hakuhitaji zaidi ya hapo ili amtambue mpenzi wake.

Kwa hiyo habari za Röntgen zilipoanza kuchapishwa magazetini huko Vienna mapema Januari 1896, haikuwa ajabu kwamba wapo waliozitilia shaka. Walikwisha kuona mizimu pichani kwa miaka 30. Kwa nini waamini kisanduku kisicho na kifuniko, au mkono usio na nyama? Maana pamoja na picha ya mawe, Röntgen alikuwa na nyingine, ya mkono wa mkewe, aliyoipiga tarehe 22 Desemba 1895. Mifupa ya vidole ilionekana mmoja mmoja, na pete ikizunguka mfupa kama kwamba nyama haikuwapo.

Tofauti ilikuwa kwamba jambo hili liliweza kurudiwa. Röntgen alieleza waziwazi jinsi alivyofanya, na katika majuma machache wataalamu wa nchi nyingi wakawa wamefanya vivyo hivyo kwa mikono yao wenyewe. Kiinimacho hufa pale siri yake inapotolewa. Elimu ndipo inapoanza kuishi.

Kivuli, wala si picha

Ili kuielewa picha ya eksirei, mkumbuke mtoto anayecheza na mkono wake mbele ya koroboi. Mwanga hauwezi kupenya mkono, kwa hiyo ukutani huangukia kivuli. Mionzi ya eksirei nayo hutupa vivuli, ila yenyewe hupenya vitu ambavyo mwanga wa kawaida hauwezi. Mbao, nguo, ngozi na nyama huipunguza kidogo tu. Mfupa huipunguza zaidi. Chuma, shaba na risasi huizuia karibu yote. Kinachobaki upande wa pili ni ramani ya yale yaliyoizuia mionzi njiani, na katika picha za hospitali za leo, kilichoizuia sana huonekana cheupe.

Ndiyo maana sanduku la Röntgen lilitoweka na mawe yakabaki. Sanduku lilikuwapo palepale, ila mionzi haikulijali. Tuliweke moyoni jambo hili, kwa kuwa tutalirudia: kutoonekana katika picha ya eksirei si sawa na kutokuwapo.

Mwaka huohuo wa 1896, tabibu John Macintyre wa hospitali kuu ya Glasgow, Scotland, alianzisha mojawapo ya idara za kwanza kabisa za eksirei duniani. Miongoni mwa picha zake za mwanzo ilikuwamo ya sarafu iliyokwama kooni mwa mtoto. Kitu kilekile cha mfukoni, ambacho watu walikuwa wakipigiwa picha kikiwa ndani ya pochi kwa kujifurahisha, sasa kilitafutwa ndani ya mwili ili kuokoa maisha.

Miaka miwili baadaye mionzi hiyo ilifika kwenye Mto Nile. Baada ya vita vya Omdurman nchini Sudan, tarehe 2 Septemba 1898, daktari wa jeshi la Uingereza, Meja John Battersby, aliweka mtambo wa eksirei katika hospitali ya kijeshi huko Abadieh, jangwani, kwenye joto kali. Umeme wake ulizalishwa kwa baiskeli ya watu wawili, askari wakikanyaga pedeli. Kati ya majeruhi 121 wa Kiingereza, walikuwapo 21 ambao risasi zao hazikuweza kupatikana kwa njia za kawaida. Kwa 20 kati yao, eksirei ilitoa jibu sahihi. Hesabu hiyo ni ya Waingereza peke yao. Maelfu ya Wasudani waliojeruhiwa siku ile hawamo ndani yake. Tangu mwanzo, basi, swali halikuwa tu picha yaweza kuonyesha nini, bali pia ni nani atakayefikiwa nayo, na kwa wakati gani.

Sarafu isiyokuwa sarafu

Swali hilo ndilo linalotuleta Bumbuli. Tuchukue mfano ambao si kisa cha mtu fulani, bali ni mkusanyiko wa mambo yanayojulikana sana katika tiba ya watoto. Mama mmoja wa kijiji cha mbali anakuja zahanati asubuhi, ukungu ukiwa bado haujapanda kutoka bondeni. Amembeba mtoto wa miaka miwili mgongoni.

“Shikamoo, nesi. Mtoto kameza senti tangu jana jioni.”

“Marahaba, mama. Ulimwona akimeza?”

“Sikumwona. Dada yake ndiye alisema alikuwa akichezea kitu cha duara, kinang’aa. Tangu hapo uji anautema, na mate yanamtoka.”

Mengi katika maneno ya mama ni ya kweli, ila neno moja halina uhakika, nalo ni “senti”. Kitu cha duara kinachong’aa chaweza kuwa shilingi mia. Chaweza pia kuwa betri ndogo bapa, ile ya mizani za kielektroniki, za rimoti, za funguo za gari, za saa, za vidude vya watoto vinavyowaka taa. Kwa mtoto, vyote viwili ni kitu kimoja. Kwa umio wake, vina tofauti kama ya maji na moto.

Sarafu ikikwama kwenye umio hukaa tu kama kizuizi. Mtoto asiye na dalili yoyote aweza kuangaliwa hospitalini kwa muda, kwa kuwa baadhi ya sarafu hushuka zenyewe; isiposhuka, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 24. Ikiwa mtoto anatokwa na mate, anashindwa kumeza au anahema kwa shida, haisubiriwi.

Betri haisubiriwi kabisa. Betri ya kawaida ya aina hii ina upana wa milimita 20 na nguvu ya volti 3, na upana huo watosha kabisa kukwama kwenye umio wa mtoto mdogo. Hapo mate na unyevu wa ukuta wa umio huunganisha pande zake mbili, na umeme huanza kupita. Kwenye upande hasi hutengenezwa magadi makali yanayoyeyusha nyama. Betri haihitaji kupasuka wala kuvuja ili kufanya hivyo. Majeraha makubwa yaweza kutokea ndani ya saa 2 tu. Yakiendelea, hutoboa umio, hufikia njia ya hewa, na hata mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni. Betri iliyokwisha nguvu kiasi cha kushindwa kuwasha rimoti bado yaweza kuunguza.

Sasa mtoto yule amefikishwa penye eksirei, na pichani limeonekana duara jeupe kifuani. Hapa ndipo picha inapoweza kufanya kiinimacho cha pili. Anayeisoma kwa haraka ataona kile alichokwisha kuambiwa: senti. Mfiwa wa Boston aliona marehemu wake kwa sababu alitarajia kumwona. Mhudumu aliyechoka naye aweza kuona sarafu kwa sababu ndilo neno lililoandikwa kwenye fomu ya rufaa.

Dawa ya kosa hilo ni kuikuza picha na kuutazama ukingo. Katika picha iliyopigwa kutoka mbele, sarafu huwa duara moja lenye weupe sawasawa. Betri huonyesha duara la pili ndani ya la kwanza, karibu na ukingo, mfano wa kisahani kilichowekwa juu ya sahani. Katika picha ya ubavuni, ukingo wa sarafu umenyooka, na wa betri una kangazi kadogo, kwa kuwa upande wake hasi ni mwembamba kuliko upande chanya. Picha hizo mbili zipigwe zote, mbele na ubavuni. Na ikiwa shaka itabaki, kitu hicho kihesabiwe kuwa betri hadi ithibitike vinginevyo.

Upande mwembamba unakoelekea uandikwe kwenye fomu ya rufaa, maana huko ndiko kuungua kunakotarajiwa kuwa kukubwa zaidi, na daktari atakayempokea mtoto atataka kulijua.

Harage lisiloonekana

Kuna upande wa pili wa tabia ya picha hizi, nao katika milima yetu ni mzito vilevile. Sanduku la mbao halikuonekana, na vivyo hivyo harage halionekani, wala karanga, wala punje ya hindi, wala kipande cha plastiki. Miiba mingi ya samaki nayo hupita bila kuacha kivuli cha kueleweka.

Hivi ndivyo vitu ambavyo watoto wa wakulima hukaa navyo mchana kutwa. Mtoto anatafuna karanga huku anakimbia, anacheka, ghafla anapaliwa na kukohoa sana. Kisha kikohozi kinatulia na watu wanasema imepita. Wiki mbili baadaye ana homa na kikohozi. Anatibiwa nimonia, anapona nusu, inarudi. Anapigwa eksirei, na hakuna kitu cha kigeni kinachoonekana. Hapo ndipo hatari ilipo, mtu akisema: “Picha ni safi, basi hakumeza kitu.”

Mhudumu mwenye busara atauliza swali ambalo picha haiwezi kulijibu: Je, kuna siku mtoto alipaliwa? Atasikiliza pande zote mbili za kifua na kuzilinganisha. Ikiwa simulizi ya kupaliwa ipo, na upande mmoja unapitisha hewa kidogo au unatoa mluzi, mtoto anahitaji rufaa ili njia yake ya hewa ichunguliwe kwa kifaa maalumu, hata kama picha haionyeshi kitu. Simulizi ya mama ni kipimo. Mara nyingine ndiyo kipimo bora kuliko vyote vilivyopo.

Afanye nini mzazi

Kwanza, mtoto akipaliwa na kushindwa kulia, kukohoa au kupumua, msaada ni wa palepale. Aliyezidi mwaka mmoja ainamishwe mbele, apigwe mgongoni kati ya mabega mara 5 kwa kiganja, kisha aminywe tumboni juu ya kitovu, kwa ndani na juu, mara 5. Zoezi lirudiwe hadi kitu kitoke. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, apigwe mgongoni mara 5, kisha ageuzwe na kubonyezwa katikati ya kifua mara 5. Tumbo lake lisiminywe. Akipoteza fahamu, aanze kufufuliwa mara moja huku msaada ukiitwa. Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona.

Pili, mtoto akimeza kitu cha duara na anapumua vizuri, usimtapishe, wala usimlishe tonge la ugali “lisukume”. Mpeleke hospitali yenye eksirei mara moja. Kama una kifaa kilichotoka betri, au sarafu au betri nyingine ya aina ileile, chukua uende nayo. Kumbuka pia saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, itaulizwa.

Tatu, ikiwa yaelekea ni betri, imemezwa katika saa 12 zilizopita, mtoto amezidi mwaka mmoja na anaweza kumeza, mpe asali njiani: vijiko viwili vya chai, yaani mililita 10, kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6. Asali huifunika betri na kupunguza ukali wa magadi yale. Haiitoi betri, wala haimponyi mtoto. Inanunua muda wa safari tu. Kwa hiyo usizunguke kijijini kuitafuta. Kama haipo nyumbani, panda bodaboda uende. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Zaidi ya hiyo, asile wala kunywa kitu kingine.

Nne, hata baada ya betri kutolewa, kidonda hubaki. Mtoto akitapika damu au akipata choo cheusi, hata kama ni siku au wiki kadhaa baadaye, arudishwe hospitali bila kuchelewa, na asiwe wa kupangiwa foleni.

Kwa wenzetu wa zahanati

Zahanati nyingi hazina eksirei, na barabara za kutoka vijijini kwenda Bumbuli, Soni au Lushoto hupanda na kushuka, na msimu wa mvua huteleza. Hilo si sababu ya kumwambia mama arudi kesho. Ni sababu ya kumtuma mapema zaidi. Kazi ya zahanati katika jambo hili ni tatu tu: kuuliza, kuandika, na kupiga simu. Mwandikie mama kwenye fomu: “Kitu cha duara, aina haijulikani, yawezekana betri.” Maneno hayo machache yatamfanya mwenzako wa hospitali autazame ukingo. Ukiandika “amemeza sarafu”, umempa jibu kabla hajaona swali.

Wapo wazazi wanaosita kwa kuiogopa mionzi yenyewe. Hofu hiyo ina chanzo cha kweli. Wa mwanzo walioitumia hawakujua madhara yake. Msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison, Clarence Dally, aliungua mikono na kufariki mwaka 1904. Picha ya mkono wa mke wa Röntgen ilihitaji mionzi kwa dakika 15. Picha ya kifua ya leo huchukua chini ya nukta moja, kwa kiwango kidogo sana, na hapa nchini vyanzo vya mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Si vema kumpiga mtoto picha zisizo na sababu. Lakini kuwa na duara lisilojulikana kwenye umio ni sababu tosha.

Turudi nyumbani

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Betri hizi hazitoki mbali. Zimo katika droo, juu ya kabati, ndani ya mwanasesere aliyenunuliwa gulioni. Leo jioni, msomaji, zitazame. Kifuniko cha betri kilicholegea kifungwe kwa skrubu au kwa gundi ya karatasi iliyo imara. Betri iliyokwisha ivilingwe kwa gundi hiyo na kuwekwa mahali mtoto asipofika, isitupwe uani. Karanga nzima wasipewe watoto wa chini ya miaka minne, zisagwe. Na mtoto anayekula, aketi.

Picha ya mawe ya mizani ilipigwa zaidi ya miaka 125 iliyopita, na bado inatufundisha kuisoma dada yake mdogo, ile inayoning’inia kwenye mwanga katika chumba cha daktari. Mbele ya kila picha ya mtoto tuulize maswali mawili: Kivuli hiki kinachoonekana, je, ndicho nilichoambiwa? Na kile nilichoambiwa, je, ni kitu kinachoweza kuacha kivuli?